Tumaini la Mkristo Wakati wa Mateso: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tumaini la Kikristo lina tofauti gani na kujiambia "mambo yatakuwa sawa"?

"Mambo yatakuwa sawa" ni ubashiri, na ubashiri unaweza kukosea. Tumaini la Kikristo limefungwa kwenye jambo lililokwisha kutokea: Yesu alisulubiwa, akazikwa, akafufuka siku ya tatu. Paulo hazunguki katika 1 Wakorintho 15:14. Kama Kristo hakufufuka, kuhubiri ni bure na kuamini ni bure. Petro naye analiita "tumaini lenye uzima" (1 Petro 1:3), na aliwaandikia watu waliokuwa tayari katika majaribu, si watu waliokaa raha mustarehe.

Kwa hiyo tumaini hilo halisubiri majibu ya vipimo wala hukumu ya kesi. Halikuahidi kwamba ugonjwa utaondoka au kazi itarudi. Lililoahidi ni kwamba Mungu hakuachi ndani ya hilo linalokupata sasa, na kwamba mauti hayana neno la mwisho juu yako.

Wengi hukwama pale wanapolifunga tumaini kwenye tarehe: "Kabla ya mwaka kuisha nitakuwa nimepona." Tarehe ikipita, imani huanguka pamoja nayo. Tenganisha ombi na tumaini. Ombi lako liwe wazi na lisione haya: naomba nipone. Tumaini likae chini ya ombi hilo na libaki hata ombi lisipojibiwa ulivyotaka. Shadraka, Meshaki na Abednego walivisema vyote viwili kwa pumzi moja: Mungu wetu aweza kutuokoa, "bali kama si hivyo" hatutaiabudu sanamu (Danieli 3:17-18).

Je, haya yamenipata kwa sababu ya dhambi yangu?

Huenda, lakini usianzie hapo. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu akakataa majibu yote mawili (Yohana 9:1-3). Watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alisema, hawakuwa wakosaji kuliko wenzao wa Yerusalemu (Luka 13:4-5). Ayubu alipoteza mali, watoto kumi na afya yake, na msomaji anaambiwa tangu sura ya kwanza kwamba alikuwa mtu mwelekevu.

Yapo mateso yanayotokana moja kwa moja na tulichofanya: deni la kamari, ndoa iliyovunjika kwa uzinzi. Hapo njia inajulikana. Itaje dhambi kwa jina lake, itubu (1 Yohana 1:9), rekebisha kinachorekebishika, na ukubali kwamba msamaha hauondoi matokeo yote. Lakini ukipekua dhamiri kwa uaminifu usikute kitu chenye jina, ila hisia tu kwamba "lazima kuna kitu nilifanya", acha kuchimba. Hatia isiyo na jina haikuongozi kwenye toba. Inakuchosha tu.

Basi kwa nini Mungu ameruhusu?

Biblia haitoi jibu moja kwa kila tukio, na anayekwambia analijua jibu la tukio lako anasema asiloonyeshwa. Mungu anapozungumza na Ayubu, kuanzia sura ya 38 hadi 41, anamuuliza maswali juu ya bahari, nyota na wanyama wa mwitu. Hamwambii kamwe kilichotokea mbinguni katika sura mbili za kwanza. Ayubu alimpata Mungu bila kuipata sababu.

Imani ya Kikristo ina jambo moja la kuongeza hapa: Mungu huyo hakubaki mbali na mateso. Msalabani Yesu mwenyewe aliuliza "kwa nini" kwa maneno ya Zaburi 22:1. Swali lako si ishara kwamba umetoka nje ya imani.

Ni dhambi kumlalamikia Mungu?

Hapana. Takriban theluthi moja ya zaburi 150 ni za maombolezo. Kunung'unika kulikokemewa jangwani kulikuwa kumsema Mungu pembeni huku Waisraeli wakitaka kurudi Misri. Mwenye kuomboleza humgeukia Mungu mwenyewe na kumwambia usoni. Ukimwacha Mungu kwa adabu, bila kumkwaza kwa neno lolote, umekwenda mbali kuliko aliyemlilia kwa hasira.

Nitaombolezaje? Sijui pa kuanzia.

Chukua Zaburi 13. Ina mistari sita tu, na umbo la maombolezo limo lote humo. Mistari ya 1 na 2 ni malalamiko: "hata lini" inarudiwa mara nne, na kila mara inagusa kidonda kingine, yaani kusahauliwa, kufichwa uso wa Mungu, mawazo yasiyokoma moyoni, na adui anayejitukuza. Mistari ya 3 na 4 ni ombi: angalia, niitikie, yatie nuru macho yangu. Mistari ya 5 na 6 ndipo panapoingia "nami nimezitumainia fadhili zako". Adui hajaondoka. Hakuna kilichobadilika nje.

Fanya hivi. Tafuta karatasi na dakika kama kumi na tano. Andika jina la Mungu unalolitumia kila siku, liwe Baba, Bwana au Mungu wangu. Kisha andika malalamiko matatu au manne, kila moja kwa sentensi moja, na kila sentensi iwe na kitu kinachoshikika. "Nina huzuni" haitoshi. "Nimeamka saa nane usiku tena na nyumba iko kimya" inatosha. Baada ya hapo andika ombi moja. Si orodha, ombi moja la leo. Malizia kwa sentensi moja juu ya Mungu unayoweza kuisema bila kujilazimisha. Ikiwa huna, nakili Zaburi 13:5 kama ilivyo na uikopeshe sauti yako. Soma yote kwa sauti mara moja, kisha iache.

Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza ni kuruka malalamiko ukimbilie sifa kwa kuwa ndivyo ulivyozoea kusikia maombi yakiombwa. Malalamiko yaliyorukwa hurudi usiku. La pili ni kubaki kwenye malalamiko kila siku bila ombi wala tamko, mpaka yanageuka mazungumzo na nafsi yako peke yako. Mwandishi wa Zaburi 42 na 43 aliiuliza nafsi yake mara tatu kwa nini inainama, na kila mara aliiambia imtumaini Mungu. Kulazimika kurudia si kushindwa.

Ukifika kwenye mstari wa tumaini usiwe na neno, jua kwamba Zaburi 88 inaishia gizani, bila pambazuko. Imo katika Biblia vilevile.

Na kama siwezi kuomba kabisa?

Omba maneno ya wengine. Sala ya Bwana inasemwa chini ya dakika moja. Au chagua sentensi moja fupi, "Bwana, unihurumie", uiseme ukivuta pumzi na kuitoa. Warumi 8:26 inasema Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, maana yake kimya chako nacho kina mwombaji. Na wapo wengine: mwambie mtu mmoja waziwazi, "Siwezi kuomba mwezi huu, niombee wewe." Yule mwenye kupooza wa Marko 2 alishushwa kupitia darini na watu wanne, na Yesu aliiona imani yao.

Nisome nini, na kiasi gani?

Kidogo. Mateso hula umakini, na mtu aliyezoea kusoma sura nne kwa siku hushtuka anapokwama kwenye mistari minne. Hiyo ni kazi ya mwili uliochoka, si kupoa kwa upendo.

Kwa mwezi wa kwanza, jaribu mpango huu. Wiki ya kwanza, zaburi moja kwa siku: 13, 23, 42, 43, 77, 121, 130. Wiki ya pili, Marko 14 hadi 16, aya chache kila siku, ukitazama tu kinachompata Yesu. Wiki ya tatu, Maombolezo sura ya 3, ambayo ina mistari 66: usiishike 22 na 23 peke yake, pitia kwanza ile ishirini ya mwanzo ili uone tumaini lake lilitokea wapi. Wiki ya nne, Warumi 8 na Ufunuo 21:1-5. Soma kwa sauti. Ukikosa siku, usifidie kwa kusoma mara mbili kesho. Endelea ulipoishia.

Kitabu cha Ayubu kiache kwa muda, au kisome na mtu. Sehemu kubwa katikati yake ni hotuba za rafiki zake, na katika 42:7 Mungu mwenyewe anasema hawakunena yaliyo sawa. Anayefungua kurasa hizo bila mpangilio anaweza kumchukua Bildadi, aliyediriki kusema watoto wa Ayubu walikufa kwa makosa yao, akadhani anamsikia Mungu.

Mbona mistari ya faraja hainifariji?

Mara nyingi kwa sababu umepewa nusu yake. Yeremia 29:11, juu ya mawazo ya amani ambayo Mungu anawawazia watu wake, iko ndani ya barua kwa watu waliopelekwa uhamishoni Babeli, na mstari wa 10 unataja miaka sabini. Wengi waliosomewa barua hiyo wangefia ugenini. Ndiyo maana barua inawaambia wajenge nyumba na kupanda bustani hukohuko. Ukiisoma yote, haikuahidi tena kutoka haraka, na hapo ndipo inapoanza kumfaa mtu ambaye hatatoka haraka.

1 Wakorintho 10:13 nayo hutajwa kana kwamba inasema Mungu hakupi mzigo usiouweza. Sura nzima inahusu vishawishi, hasa ibada ya sanamu, na ahadi ni mlango wa kutokea ili usitende dhambi. Kuhusu mizigo, Paulo huyohuyo aliandika kwamba huko Asia walilemewa kupita nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi (2 Wakorintho 1:8). Yawezekana kabisa ukapewa kisichobebeka. Wakorintho wa Pili inasema sababu: tusijitumainie nafsi zetu, bali Mungu awafufuaye wafu.

Warumi 8:28 haisemi kila kitu ni chema. Inasema Mungu hufanya kazi katika mambo yote. Saratani haigeuki kuwa njema kwa kuwa Mungu anaweza kutenda ndani yake.

Nimeombewa sana na sijapona. Imani yangu ni ndogo?

Paulo aliomba mara tatu "mwiba" uliomtesa mwilini uondoke, na haukuondoka. Akaambiwa, "Neema yangu yakutosha" (2 Wakorintho 12:8-9). Alimwacha Trofimo, mwenzake wa safari, huko Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20). Timotheo, aliyekuwa na magonjwa ya mara kwa mara, alipewa ushauri wa kitabibu wa zama zake, si kemeo la imani haba (1 Timotheo 5:23). Hawa hawakuwa watu wa imani ndogo.

Endelea kuombewa. Yakobo 5:14 inatoa utaratibu: mgonjwa ndiye anayewaita wazee wa kanisa, wao wanakuja kwake, wanaomba, wanampaka mafuta kwa jina la Bwana. Angalia yasiyomo. Hakuna malipo. Hakuna chupa ya kununua. Hakuna agizo la kuacha dawa. Ukidaiwa fedha kama "mbegu" ya uponyaji, ukiambiwa utupe vidonge vya presha, kisukari au virusi vya UKIMWI ili kuthibitisha imani, au ukilaumiwa wewe pale maombi yasipojibiwa, ondoka hapo. Dawa za aina hiyo zikikatwa ghafla mwili unaweza kudhoofika haraka, na aliyekushauri hatakuwapo wodini.

Sonona ni ukosefu wa imani? Mkristo anaweza kutumia dawa zake?

Sonona (depression) ni ugonjwa. Charles Spurgeon, mhubiri wa London aliyefariki mwaka 1892, alisumbuliwa na huzuni nzito kwa miaka mingi na aliizungumzia mimbarani waziwazi. Mwaka 1856 mtu alipiga kelele ya uongo ya moto katika ibada yake, watu saba wakafa katika msongamano, na tukio hilo lilimtesa kwa muda mrefu.

Tazama pia jinsi Mungu alivyomtendea Eliya katika 1 Wafalme 19. Nabii amelala chini ya mti wa mretemu anaomba afe. Hapewi mahubiri. Anaachwa alale, anaamshwa ale mkate na kunywa maji, analala tena, anaamshwa ale tena. Mazungumzo yanakuja baadaye, huko Horebu. Usingizi na chakula vilitangulia theolojia.

Kama kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, umekosa raha ya kila kitu, usingizi au hamu ya kula imeharibika, umakini hakuna na unajiona huna thamani, nenda kwa daktari au mtaalamu wa afya ya akili. Mweleze dalili, na tangu lini. Dawa za sonona kwa kawaida huchukua wiki kadhaa kabla ya nafuu kuonekana, na hazikatwi bila daktari. Mchungaji na daktari hawashindanii nafasi.

Ikiwa kuna mawazo ya kujiua, hilo ni la leo. Mwambie mtu sasa hivi na uende hospitali. Ukiwa wewe ndiye unayemhofia mwenzako, muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Usimwache peke yake, ondoa karibu naye dawa, sumu, kamba au silaha, na umsindikize mwenyewe. Maombi yafanyike njiani, yasiwe sababu ya kuchelewa.

Mateso yangu yanatoka kwa mtu anayenipiga. Je, Mungu anataka nivumilie?

Hapana. Mistari ya uvumilivu isitumike kumfungia mtu ndani na anayemuumiza. Daudi alimkimbia Sauli, Yesu alijiondoa zaidi ya mara moja kwa watu waliotaka kumuua kabla ya saa yake, na Paulo alidai haki yake ya uraia ili asipigwe mijeledi (Matendo 22:25). Tafuta usalama kwanza, wewe na watoto, kisha vyombo vya sheria. Msamaha ni safari ya moyo na haukulazimishi kurudi chini ya dari moja. Kiongozi wa kanisa anayekutaka urudi "ukaombe zaidi" bila kuuliza kama uko salama, tafuta mwingine.

Nimefiwa, na watu wanasema nimelia vya kutosha.

Yesu alilia kaburini kwa Lazaro akijua atamfufua dakika chache baadaye. 1 Wathesalonike 4:13 haikatazi huzuni, inakataza huzuni isiyo na matumaini. Hakuna kipimo cha miezi. Kinachostahili kuangaliwa ni kama bado unaweza kula, kulala na kufanya kazi za siku. Kama muda mrefu umepita na hayo hayarudi kabisa, tafuta msaada kama ilivyoelezwa juu.

Kwenda kanisani kunaniumiza. Niache?

Punguza, usikate. Kaa karibu na mlango, fika baada ya salamu, ondoka kabla ya maswali. Nyimbo za shangwe zikikushinda, nyamaza na uache wengine waimbe. Lakini chagua mtu mmoja au wawili wa kuonana nao kila wiki, kwa kuwa upweke mrefu huzima hata tumaini lililokuwa imara. Kama Meza ya Bwana inaadhimishwa, jitahidi uwepo: siku hiyo huhitaji kuwa na la kusema, unapokea tu.

Nimsaidieje aliye katika mateso?

Rafiki za Ayubu walifanya vizuri siku saba, walipokaa naye chini bila neno (Ayubu 2:13). Waliharibu walipoanza kufafanua.

Ukifika, taja tukio kwa jina: "Nimesikia mama amefariki. Pole sana." Usizunguke, kukwepa jina la marehemu humfanya mfiwa ahisi amekatazwa kumtaja. Kisha nyamaza. Akilia, usimfutie machozi haraka. Akisema jambo lisilo sahihi juu ya Mungu, usimsahihishe siku hiyo. Yaache nyumbani maneno kama "Mungu amempenda zaidi", "angalau una watoto wengine" na "kila jambo lina sababu". Ziara ya kwanza dakika ishirini hadi thelathini zinatosha, isipokuwa akuombe ubaki. Kabla ya kuondoka uliza kama angependa uombe, na uombe kwa sentensi chache, ukitaja alichokwambia yeye.

"Ukihitaji kitu niambie" humbebesha kazi nyingine. Toa kitu mahususi: "Jumanne nitakuja kuwachukua watoto shule." "Nitakusindikiza kliniki tarehe 14." Na weka kwenye simu yako ukumbusho wa mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, maana wageni huisha mapema na ukimya unaofuata ndio mgumu zaidi. Ujumbe mmoja siku hiyo, wenye jina la marehemu ndani yake, usiohitaji kujibiwa.

Mgonjwa amedhoofika sana, hazungumzi. Bado nimsomee?

Ndiyo. Wahudumu wa wagonjwa mahututi hushauri kuzungumza na mgonjwa kana kwamba anasikia. Jitambulishe kwa jina kila unapoingia, mwambie unachotaka kusoma, keti upande ambao uso wake umeelekea. Zaburi 23 ina mistari sita, 121 ina minane. Yohana 14:1-3 ni mitatu. Soma polepole kuliko kawaida, simama baada ya kila mstari, na usizidishe dakika tano. Tumia tafsiri aliyoizoea yeye, hata kama wewe unapenda nyingine. Akikunja uso au pumzi ikienda mbio, acha kusoma, umshike mkono.